UZI: Mfalme kishakatwa kichwa, sasa nchi inaendeshwa kwa jina la nani? Uingereza 1649 hadi 1653

Mpiga Muhuri (mleta mada)

Wakuu, habari ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza tarehe 30 Januari 1649, baada ya vita kati yake na Bunge, tunaijua wote. Kinachozungumzwa kidogo ni kesho yake.

Tuanze na siku yenyewe. Charles alitolewa ikulu ya St James's, London, mnamo saa nne asubuhi, akavushwa bustanini hadi ikulu ya Whitehall, halafu akawekwa kungoja mpaka yapata saa nane mchana. Mnyongaji alikuwepo na jukwaa lilikuwa tayari. Sababu inayotajwa ni ya kisheria: kwa sheria ya Uingereza mfalme akifa, mrithi anakuwa mfalme papo hapo, hata hajatawazwa. Maana yake kichwa cha Charles wa Kwanza kikidondoka, Charles wa Pili yupo kazini tayari, huko Uholanzi aliko. Ikabidi wabunge wapitishe mbio mbio sheria ya kumfanya mhaini mtu yeyote atakayemtangaza mrithi. Ndipo shoka likaruhusiwa kushuka.

Sasa angalieni kilichofuata. Kila kitu cha serikali kilikuwa kwa jina la mfalme. Hati za kuita watu mahakamani, mashitaka ya jinai, viapo vya majaji, fedha mfukoni, vyote. Majaji wakuu walikuwa 12. Walipoulizwa kama wataendelea na kazi, 6 walikataa. Waliobaki 6 wakakubali kwa sharti kwamba Bunge litangaze kuwa sheria za msingi za nchi hazitaguswa. Kwa hiyo jamhuri iliyozaliwa kwa kuvunja sheria kubwa kuliko zote ililazimika, wiki ya pili tu, kuahidi kwamba haitabadili sheria.

Mahakama iliyoitwa Benchi la Mfalme ikabatizwa Benchi la Juu. Muhuri Mkuu wa zamani, ule wa kuthibitisha hati za serikali, ukavunjwa na fundi. Mpya ulichongwa na Thomas Simon: upande mmoja ramani ya Uingereza na Ireland, upande wa pili wabunge wamekaa kikaoni, na maneno yanayosema huu ni mwaka wa kwanza wa uhuru uliorejeshwa kwa baraka za Mungu, 1648.

Ufalme ulifutwa kwa sheria ya tarehe 17 Machi, Baraza la Malodi (chumba cha juu cha Bunge) tarehe 19 Machi, na tangazo kwamba Uingereza ni "Commonwealth" na dola huru likaja tarehe 19 Mei. Hesabuni wenyewe. Karibu miezi minne nchi haikuwa na mfalme wala haikuwa na jina.

Naomba wanaoijua historia hii waingie kwa undani. Nini hasa kiliwakwamisha hawa watu? Sitaki hadithi ya "Cromwell (yule jenerali wa jeshi la Bunge) alikuwa dikteta" ikaishia hapo.

---

Kaa la Moto

Mkuu hapo kwenye muhuri umeandika 1648 au kidole kiliteleza?

---

Mpiga Muhuri

Hakikuteleza. Mwaka wa Kiingereza wakati ule ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari na Februari 1649 yetu kwao bado ilikuwa 1648. Tena walikuwa nyuma siku 10 ukilinganisha na nchi nyingi za Ulaya bara. Ukikuta tarehe mbili tofauti za tukio moja la Uholanzi au Uhispania, usidhani mwandishi kakosea. Mimi humu natumia tarehe za Kiingereza ila mwaka nauanzisha Januari.

---

Binti Makabrasha

Mleta mada umeanza vizuri lakini umeruka hatua. Kabla ya kuuliza serikali iliendeshwaje, uliza ilikuwa ya nani.

Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride alisimama mlangoni mwa Baraza la Makabwela (chumba cha wabunge wa kuchaguliwa) na askari wake, mkononi orodha ya majina. Wabunge waliotaka kuendelea kujadiliana na mfalme walizuiwa kuingia, na kama 45 wakakamatwa. Wengine wakajiondokea wenyewe. Bunge ambalo mwaka 1640 lilikuwa na viti karibu 500 likabaki na watu wanaofika 200 kwa makaratasi. Wanaohudhuria siku za kawaida walikuwa wachache zaidi, 50 au 60. Baadaye likabandikwa jina la Rump, yaani makalio ya mnyama, kile kipande kinachobaki nyama nzuri ikishachukuliwa.

Mahakama ya kumhukumu mfalme waliteua makamishna 135. Waliotia saini hati ya kifo ni 59. Na walipounda Baraza la Dola la watu 41, kuwa ndiyo serikali yenyewe, wajumbe walitakiwa kuapa kwamba wanaunga mkono yaliyofanyika dhidi ya mfalme. Wengi wakagoma, akiwemo Jenerali Fairfax, mkuu wa jeshi! Kiapo kikabidi kilegezwe: ya nyuma tuyaache, apa tu kwamba utaitumikia serikali ya sasa.

Yaani hata ndani ya chumba cha baraza la mawaziri wao, kama tukiliita hivyo, wengi hawakutaka jina lao likae karibu na shoka.

Halafu kuna Meya wa London, Abraham Reynardson. Aliletewa sheria ya kufuta ufalme aisome hadharani. Akakataa, kwamba kiapo chake hakimruhusu. Akafukuzwa umeya, akafungwa katika Mnara wa London, akapigwa faini ya pauni 2,000. Tangazo likaja kusomwa mwisho wa Mei na meya mwingine.

---

Nyama ya Ulimi

Bunge Kiporo 😂 Naweka kambi hapa.

---

Hesabu Hazidanganyi

Nashukuru kwa utangulizi, ila ugonjwa wenyewe ni pesa. Hayo mengine ni dalili. Nitakwenda pole pole.

Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, shilingi 1 peni 12. (Ndiyo, shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilirithi jina huko huko.) Askari wa miguu kiwango chake cha msingi kilikuwa peni 8 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, unapata peni 240, yaani pauni 1 kamili kwa mwezi. Wa farasi alilipwa kama shilingi 2 kwa siku, pauni 3 kwa mwezi, kwa sababu farasi naye anakula. Mapema 1649 jeshi lilikuwa na watu kama 47,000. Kabla hujanunua baruti, viatu wala mkate, tayari unadaiwa zaidi ya pauni 47,000 kila mwezi.

Juu yake kuna malimbikizo. Mwaka 1647 deni la mishahara ya jeshi lilikuwa linakaribia pauni milioni 3. Hilo deni ndilo lililoligeuza jeshi kuwa chama cha siasa. Askari asiyelipwa alipewa "free quarter": analala nyumbani kwa raia, anakula chakula chake, anamwachia karatasi ya kudai serikali. Mnaweza kukisia raia yule aliipenda jamhuri kiasi gani. Na hii ni miaka ya mavuno mabaya, nafaka bei juu tangu 1646 hivi hadi 1650.

Dawa yao ilikuwa nini? Kodi ya mwezi, iliyogawiwa kila kaunti fungu lake, kaunti inagawia vijiji, kijiji kinagawia watu. Mwaka 1649 iliwekwa pauni 90,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda mpaka 120,000. Pauni 90,000 mara 12 ni pauni 1,080,000 kwa mwaka. Linganisha na ile kodi ya meli ya Charles iliyowafanya watu wamwite dhalimu: ilikuwa takriban pauni 200,000 kwa mwaka. Mtu aliyepigana kuondoa kodi ya mfalme akajikuta analipa mara tano yake kwa waliomkomboa.

Na bado kulikuwa na ushuru wa bidhaa, ulioanza 1643. Bia ilitozwa. Nyama na chumvi vilitozwa pia mpaka watu wakafanya fujo, vikaondolewa 1647. Bia ilibaki.

---

Kaa la Moto

Si wangeuza mali za mfalme tu?

---

Hesabu Hazidanganyi

Waliuza. Hapo ndipo pana utamu na uchungu wake.

Ardhi ya maaskofu ilianza kuuzwa 1646. Ya makanisa makuu Aprili 1649. Ya mfalme Julai 1649. Baadaye zikafuata za wafuasi wake, sheria za 1651 na 1652. Tatizo ni kwamba ukimwaga sokoni ardhi nyingi kiasi hicho katika nchi iliyochoka vita, bei inaanguka, na fedha taslimu hakuna. Basi wakalipana kwa makaratasi.

Utaratibu kwa askari ulikuwa hivi. Hesabu yake inakaguliwa: ametumika miezi mingapi, kikosi gani. Inakatwa thamani ya chakula alichokula kwa raia. Kinachobaki anaandikiwa hati ya deni, na dhamana yake ni ardhi ya mfalme. Ila askari mmoja mwenye hati ya pauni 20 hawezi kununua shamba la kifalme. Ni lazima kikosi kikusanye hati zao, kichague shamba, wapimaji walithamini, bei ihesabiwe kuanzia pato la kodi ya pango ya miaka 13, halafu hati zikabidhiwe kama malipo. Wapangaji waliokuwa wanaikalia ardhi walipewa nafasi ya kwanza kununua.

Sasa wewe ni askari, una njaa, mke anadaiwa, na karatasi yako haiwi shamba mpaka wenzako 300 wakubaliane. Unafanya nini? Unaiuza kwa ofisa wako, kwa bei iliyo chini sana ya ile iliyoandikwa. Ndivyo maofisa walivyojikuta na mashamba ya kifalme na askari wakabaki na manung'uniko. Jamhuri ilidhani inalipa deni, kumbe inatengeneza tabaka jipya la wenye ardhi ndani ya jeshi.

Kwa matajiri wa mjini kulikuwa na mchezo mwingine, "kuongeza mara mbili". Kama uliikopesha serikali pauni 100 hujalipwa, unaikopesha nyingine 100, na sasa deni lote la 200 linapata dhamana ya ardhi ya kanisa. Asiyekuwa na hiyo 100 ya pili alibaki na karatasi lake.

Vyombo vya nyumba ya mfalme viliuzwa Somerset House. Michoro, mazulia, vitanda. Fundi mkuu wa mabomba wa ikulu, John Embree, alikuwa anadai pauni 903 kwa kazi ya matengenezo. Akalipwa kwa vitu, kimojawapo mchoro wa Titian, yule mchoraji maarufu wa Italia, wa Mtakatifu Margareta uliokadiriwa pauni 100. Fundi bomba na Titian ukutani.

Taji lililoitwa la Mfalme Alfred, la nyuzi za dhahabu na vikengele viwili, likapimwa kwenye mizani kama chuma chakavu: aunsi 79 na nusu, pauni 3 kwa kila aunsi. Dhahabu ikaenda kiwandani kupigwa sarafu.

---

Nyama ya Ulimi

Hizo sarafu ndizo zilizoandikwa upande mmoja "Commonwealth of England" na wa pili "Mungu yu pamoja nasi". Wapinzani wakasema hata wao wenyewe wamekiri kwamba Mungu na jamhuri hawako upande mmoja.

---

Binti Makabrasha

Tena zilikuwa kwa Kiingereza, si Kilatini kama za wafalme. Lugha ilikuwa sehemu ya mradi. Sheria ya Novemba 1650 iliamuru vitabu vya sheria na kumbukumbu za mahakama ziwe kwa Kiingereza na kwa mwandiko unaosomeka, kuanzia Pasaka 1651. Mawakili walichukia kweli kweli, maana Kilatini na Kifaransa cha mahakamani vilikuwa ugali wao. Ni moja ya mageuzi machache yaliyofika kwa mwananchi wa kawaida, na mwaka 1660, ufalme uliporudi, yakafutwa.

---

Kaa la Moto

Naomba nibishe kidogo kwa mkuu Hesabu. Kama jeshi ndilo mzigo, kwa nini wasilipunguze? Mfalme amekufa, vita imekwisha.

---

Hesabu Hazidanganyi

Kwa sababu mbili. Kumwachisha askari kazi unatakiwa umlipe malimbikizo yake siku anapoondoka. Huna hela, kwa hiyo ni nafuu kumweka kazini kwa mwezi mwingine kuliko kumwachisha. Kila mwezi unaoahirisha, deni linakua. Sababu ya pili mwachie anayejua mambo ya vita.

---

Ngome Kongwe

Vita haikuwa imekwisha hata kidogo. Tarehe 5 Februari 1649, siku sita baada ya shoka, Edinburgh walimtangaza Charles wa Pili kuwa mfalme, tena si wa Scotland peke yake bali wa Uingereza na Ireland pia. Waskoti walikuwa na hasira ya haki: Charles alikuwa mfalme wao pia, na hakuna aliyewauliza kabla ya kumuua.

Ireland, muungano wa Wakatoliki na wafuasi wa mfalme ulikuwa umeshika sehemu kubwa ya nchi. Cromwell aliteuliwa kwenda, lakini hakukubali kupanda meli mpaka pauni 100,000 taslimu zipatikane. Alijua jeshi lisilolipwa hugeuka kuwa nini. Tarehe 2 Agosti Michael Jones, kamanda wa Bunge, akashinda vita ya Rathmines na kuiokoa Dublin, na Cromwell akashuka hapo tarehe 15 Agosti akiwa na bandari salama. Ingekuwa Dublin imeanguka, sidhani kama tungekuwa na uzi huu.

Scotland ilikuja 1650. Fairfax alisema yuko tayari kulinda mpaka lakini hawezi kuivamia Scotland kabla haijashambulia. Akajiuzulu Juni. Cromwell akawa mkuu wa jeshi. Dunbar, tarehe 3 Septemba 1650, alikuwa amebanwa kati ya bahari na kilima, watu wake wanaumwa tumbo, wamebaki kama 11,000, Waskoti ni wengi zaidi. Waskoti wakashuka kilimani usiku kujipanga kumziba njia. Alfajiri akapiga upande wao wa kulia ambako hapakuwa na nafasi ya kujigeuza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile 3 Septemba, akamaliza kazi Worcester. Charles wa Pili akajificha wiki sita, mpaka juu ya mti wa mwaloni, akatoroka kwa mashua kutoka Shoreham.

Kwa hiyo jeshi lilipunguzwa lini? Halikupunguzwa. Lilifika kama 70,000 ukijumlisha Ireland na Scotland.

---

Mwanahawa wa Mkunazini

Samahani kaka Ngome, Ireland umeipitia kama mtu anayepita sokoni. Drogheda tarehe 11 Septemba 1649 waliuawa watu kama 3,000, wakiwemo mapadri na askari waliokwisha kuweka silaha chini. Mwezi mmoja baadaye Wexford. Cromwell mwenyewe aliandika kwamba ni hukumu ya Mungu kwa mauaji ya Waprotestanti ya 1641, na kwamba itaokoa damu mbele ya safari kwa kuwatia wengine hofu. Askari wengi wa Drogheda hawakuhusika na 1641. Kulikuwa na Waingereza ndani yake.

Na hili linarudi kwenye hesabu za mkuu pale juu. Mwaka 1642 Bunge lilikuwa limekopa kwa matajiri na kuwaahidi ekari milioni 2.5 za ardhi ya Ireland ambayo ilikuwa bado haijatekwa. Ushindi ukawa ndio malipo ya deni. Sheria ya Agosti 1652 ikaja kupanga nani anyang'anywe nini, na askari nao wakalipwa kwa mashamba ya huko. Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 60 ya ardhi mwaka 1641, na baada ya hapo hawakurudi kufika hata robo. Jamhuri ilijilipia uhuru wake kwa ardhi ya watu wengine. Tusilifunike hilo kwa ramani za vita.

---

Ngome Kongwe

Nimekubali, bibie. Umesema kweli.

---

Jembe na Karanga

Mnasahau upande wa kushoto. Hao ndio waliowatisha wakubwa zaidi kuliko hata Charles wa Pili, maana walikuwa ndani ya jeshi.

Wasawazishaji, kina John Lilburne, walitaka bunge jipya kila baada ya muda mfupi, kura kwa wanaume wengi zaidi, na haki ambazo bunge lenyewe lisingeweza kuzigusa. Jina walipewa na maadui. Hawakutaka kugawana mali, na walilikana hilo mara nyingi. Februari 1649 Lilburne akapeleka bungeni waraka kwamba Waingereza wamebadilishiwa minyororo tu. Machi wakakamatwa yeye na wenzake watatu. Akiwa ameketi nje ya chumba cha Baraza la Dola akamsikia Cromwell akigonga meza na kusema hakuna njia nyingine kwa watu hawa ila kuwavunja vipande vipande.

Aprili 27 askari kijana Robert Lockyer akapigwa risasi uani kwa St Paul's kwa uasi wa kikosi chake. Mazishi yake yalijaa maelfu wenye utepe wa kijani ya bahari, rangi ya Wasawazishaji. Mei vikosi vikaasi kwa sababu mbili zilizofungamana: malimbikizo, na kukataa kupelekwa Ireland kabla madai yao hayajasikilizwa. Cromwell na Fairfax wakawavamia usiku Burford. Wafungwa kama 340 wakafungiwa kanisani, na tarehe 17 Mei watatu wakapigwa risasi ukutani wenzao wakitazama. Mmoja wa waliofungiwa alichonga kwenye risasi iliyofunika beseni la ubatizo: ANTHONY SEDLEY 1649 PRISNER. Ipo mpaka leo, na kosa la tahajia lipo. Siku mbili baadaye Bunge likatangaza dola huru.

Oktoba wakamshitaki Lilburne kwa uhaini. Baraza la wazee wa mahakama likasema hana hatia, watu wakawasha mioto mitaani.

---

Kaa la Moto

Risasi gani inafunika beseni? 😅

---

Jembe na Karanga

Madini ya risasi, mkuu. Lile bati zito la ndani ya beseni. Lugha yetu hiyo.

Na kabla hujauliza, Wachimbaji wa Gerrard Winstanley ni watu wengine. Tarehe 1 Aprili 1649 walipanda mlima St George's huko Surrey wakaanza kulima ardhi ya wazi: maharage, karoti na mboga nyingine za mizizi. Walisema mfalme ameondoka, basi ardhi ya pamoja ni ya maskini. Walikuwa wachache sana. Wenye ardhi wa jirani waliwavunjia vibanda na kung'oa mimea mpaka Aprili 1650 wakaisha.

---

Pwani Moja

Nje ya nchi kulikuwaje? Hakuna mfalme Ulaya aliyetaka kuonekana anampa mkono serikali iliyomuua mwenzake. Tsar Aleksei wa Urusi aliwafukuza wafanyabiashara wa Kiingereza nchini mwake mwaka 1649, akawaachia Arkhangelsk tu, na akasema wazi sababu ni mfalme wao. Mei 1649 mjumbe Isaac Dorislaus, aliyesaidia kuandaa mashitaka ya Charles, aliuawa The Hague akiwa mezani anakula. Mwaka mmoja baadaye Anthony Ascham akauawa Madrid, muda mfupi tu baada ya kuwasili. Kazi ya ubalozi ilikuwa hukumu ya kifo.

Kilichobadili mambo ni meli. Sehemu ya wanamaji iliasi mwaka 1648 na ikaishia mikononi mwa Prince Rupert, mpwa wa Charles wa Kwanza, ambaye akawa kama haramia mwenye damu ya kifalme. Jamhuri ikaweka makanali watatu wa nchi kavu kuwa majenerali wa baharini: Robert Blake, Richard Deane na Edward Popham. Blake akamfungia Rupert katika bandari ya Kinsale, Ireland, akamfuata hadi Lisbon. Desemba 1650 Uhispania ikaitambua jamhuri, si kwa mapenzi, bali kwa sababu Blake alikuwa anawasumbua Wareno, maadui wa Uhispania. Ufaransa ikafuata Desemba 1652. Kati ya 1649 na 1660 meli zaidi ya 200 ziliongezwa, nyingi zikiwa zimetekwa.

Makoloni ya Barbados na Virginia nayo yalimtambua Charles wa Pili. Bunge likayapiga marufuku ya biashara Oktoba 1650, likamtuma George Ayscue, na Barbados ikasalimu amri Januari 1652.

Oktoba 1651 ikaja Sheria ya Usafirishaji: bidhaa za Asia, Afrika na Amerika ziingie Uingereza kwa meli za Kiingereza tu, na za Ulaya kwa meli za Kiingereza au za nchi iliyozizalisha. Walengwa ni Waholanzi, waliokuwa wachukuzi wa dunia nzima. Mei 1652 Blake na Tromp, amiri wa Waholanzi, wakapigana karibu na Dover, na vita ikawaka. Novemba Tromp akamshinda Blake Dungeness. Jamhuri mbili za Kiprotestanti zikatwangana kwa miaka miwili, na kodi ya mwezi ikarudi 120,000.

---

Msomi wa Vichochoroni

Swali la nje kidogo. Hiyo Commonwealth ndiyo hii Jumuiya ya Madola tuliyomo sisi?

---

Mpiga Muhuri

Neno ni lile lile, kitu ni kingine kabisa. Wakati ule lilimaanisha mali au ustawi wa wote, karibu na "jamhuri". Hii ya leo, kwa muda mrefu mkuu wake ni mfalme au malkia wa Uingereza. Lilburne angecheka.

---

Binti Makabrasha

Nigusie viapo na dini kwa haraka, kisha niende kwenye kiini.

Tarehe 2 Januari 1650 kila mwanamume wa miaka 18 na zaidi alitakiwa kuahidi uaminifu kwa jamhuri "isiyo na Mfalme wala Baraza la Malodi". Usipotia saini huwezi kufungua kesi mahakamani. Matokeo? Mdaiwa anasimama na kusema, huyu anayenidai hajaapa, kesi ifutwe. Wachungaji wa Kipresbiteri (Waprotestanti waliotaka kanisa liongozwe na wazee badala ya maaskofu) waligoma kwa sababu mwaka 1643 walikuwa wameapa kumlinda mfalme. Serikali ilitaka kujua marafiki zake ni akina nani, ikaishia kuhesabu waongo.

Kwa dini, Septemba 1650 sharti la kuhudhuria kanisa la parokia likafutwa. Lakini Mei mwaka huo huo uzinzi ulifanywa kosa la kifo, na Agosti ikaja sheria ya kufuru. Wazee wa mahakama walisita sana kumpata mtu na hatia ya kunyongwa kwa uzinzi. Fungu la kumi, lililolalamikiwa kuliko vyote, halikuguswa, kwani nusu ya wabunge wenyewe au ndugu zao walikuwa wanalikusanya. Hapo kwenye "nusu" nimetia chumvi, ila mnanielewa.

Kiini ni uchaguzi. Hawa walitangaza tarehe 4 Januari 1649 kwamba chini ya Mungu, wananchi ndio chimbuko la mamlaka yote ya haki. Basi waulizeni wananchi! Hawakuthubutu. Uchaguzi huru mwaka 1649, 1650 au 1651 ungeleta bunge la Wapresbiteri na wafuasi wa mfalme, na la kwanza lingekuwa kuvunja jeshi na la pili kutafuta wale 59. Novemba 1651 wakapiga kura kwamba wataondoka ifikapo tarehe 3 Novemba 1654. Miaka mitatu mbele!

Na walisimama juu ya nini kisheria? Sheria ya Mei 1641 kwamba Bunge hili halitavunjwa bila ridhaa yake lenyewe. Nani aliitia saini? Charles. Karatasi pekee iliyowapa haki ya kukaa pale ilikuwa na idhini ya mtu waliyemkata kichwa.

---

Ngome Kongwe

Ndiyo maana tarehe 20 Aprili 1653 ilikuwa rahisi vile. Cromwell aliingia na nguo za kawaida nyeusi, akakaa akisikiliza muswada wa uchaguzi, akasimama, akaanza kwa upole, akamalizia kwa matusi. Askari 30 hadi 40 wenye bunduki wakaitwa. Spika Lenthall akateremshwa kitini. Ile rungu ya Bunge akaiita kikaragosi na kuamuru iondolewe. Muswada akauchukua, na haujaonekana tena, ndiyo maana mpaka leo wanahistoria wanabishana ulisema nini hasa.

Mchana akaenda kulivunja na Baraza la Dola. John Bradshaw, yule yule aliyeongoza mahakama ya mfalme, akamjibu kwamba anakosea akidhani Bunge limevunjwa, hakuna mamlaka chini ya mbingu inayoweza kulivunja isipokuwa lenyewe.

---

Msomi wa Vichochoroni

Raia waliandamana?

---

Ngome Kongwe

Hata mbwa hakubweka, kama Cromwell mwenyewe alivyojisifu baadaye. Mlangoni pa Bunge mtu akabandika tangazo: nyumba hii inapangishwa, haina samani.

---

Nyama ya Ulimi

Mimi nina swali la umbea tu. Walionunua vitu vya mfalme walifanywaje Charles wa Pili aliporudi 1660?

---

Hesabu Hazidanganyi

Ardhi ya mfalme na ya kanisa ilirudishwa, wanunuzi wakapoteza hela yao. Vyombo navyo viliamriwa virejeshwe. Mataji ilibidi yatengenezwe mapya kwa ajili ya kutawazwa Aprili 1661, kwa kuwa ya zamani yalishayeyushwa. Kimojawapo cha vichache vilivyonusurika ni kijiko cha fedha kilichopakwa dhahabu, cha karne ya 12, cha mafuta matakatifu. Clement Kynnersley, aliyekuwa mtunza vyombo wa ikulu, alikinunua kwenye mnada kwa shilingi 16. Akakirudisha.